Magoti Yaliyowaka Usiku Kwenye Shamba la Pareto

Mgonjwa akikuambia goti lake linawaka moto usiku, usikimbilie kabati la dawa. Vuta kiti, kaa, umwulize maswali mpaka achoke na wewe. Nimewaambia vijana wa zahanati maneno haya miaka na miaka, nao wananitazama kwa adabu huku mkono umeshafika kwenye chupa ya dawa ya kuchua. Sasa nimestaafu. Wamenipa saa ya ukutani ambayo haitembei, na wameniomba niandike mambo ya kazi. Haya, naandika. Anayetaka habari za vyeo na mishahara atafute mzee mwingine. Mimi nitawaandikia habari za magoti, na mkitaka kucheka chekeni, lakini hofu kubwa kuliko zote nilizowahi kuonja kazini niliipata kwenye magoti.

Nilianza Nakuru mwanzoni mwa miaka ya hamsini, hospitali ya Waafrika, nikiwa dresa, yaani mtu wa kufunga vidonda. Nilikuwa nimetoka kwetu Maragoli na viatu vya kuazima na kiburi cha kijana aliyemaliza shule ya misheni. Dresa mkuu aliitwa Mzee Zakayo, mtu mfupi, mwenye sauti ya kukwaruza na macho ambayo hayakukosa kitu. Siku ya kwanza hakunipa mgonjwa hata mmoja. Alinipa stovu ya mafuta taa, sufuria na rundo la sindano za kioo, akaniambia, "Chemsha." Nikachemsha. Mchana nikamwuliza nifanye nini sasa. "Chemsha tena." Kabla jua halijatua nilikuwa nimevunja sindano moja na kuungua vidole viwili, na Zakayo akanipaka dawa ya zambarau mwenyewe, pole pole, akisema, "Sasa unajua vile inauma. Kesho utafunga watu."

Vifaa vyetu vingewachekesha. Koleo mbili, mkasi mmoja ambao ulikataa kukata kila Jumatatu, bakuli za bati, bandeji tulizofua na kuanika kwenye ua kama nguo za mtoto mchanga. Penisilini ilikuwa imeanza kufika lakini ilifungiwa kwa kufuli. Iliyobaki ilikuwa macho, pua na maswali. Zakayo alitumia hata pua. Aliinama kwenye kidonda akanusa, akakuambia kimekaa siku ngapi bila kuoshwa, na mara nyingi mwenye kidonda aliona haya.

Juu ya magoti alikuwa mkali zaidi. Ukimwambia, "Mzee, huyu goti linamwuma," alikukaripia mbele ya mgonjwa. "Goti ni nyumba! Nani ako ndani analia? Ni ngozi, ni maji, ama ni mfupa? Linauma ama linachoma? Moja ama yote mawili? Likianza usiku, mchana wake huyu mtu alikuwa anafanya nini?" Swali hilo la mwisho alilipenda sana. Alisema usiku hauleti ugonjwa, usiku unamnyamazisha mtu tu mpaka ausikie ugonjwa alio nao.

Nikaanza kuona kwamba ana haki. Alikuja mfanyakazi wa nyumba ya mzungu, kazi yake kung'arisha sakafu ya mbao akiwa amepiga magoti, na juu ya goti lake palikuwa na uvimbe laini wa maji, wa moto ukiugusa. Huyo alihitaji kupumzika na kutandika blanketi chini ya magoti, wala haukuwa uchawi wa jirani aliokuja kuulalamikia. Alikuja mpishi mnene aliyemaliza figo na mvinyo uliobaki mezani kwa bwana wake, na usiku hakuweza kuvumilia hata shuka kumgusa goti. Jongo. Zakayo alimwuliza, "Wewe unakula chakula ya nani?" Mpishi akatazama chini. Walikuja wakamaji wa ng'ombe wenye homa inayokwenda na kurudi, viungo vinawaka, watu waliokunywa maziwa mabichi tangu utoto na hawakuelewa kwa nini tunawauliza habari za maziwa, kumbe ugonjwa ulitoka humo. Na alikuja msichana mdogo wa Njoro, goti limevimba kidogo tu, mchana anacheza, akilala anapiga mayowe. Nilidhani ni minyoo. Zakayo alimgeuza mguu taratibu, halafu akatoka nje akavuta tumbaku. Ilikuwa kifua kikuu cha mfupa. Mchana misuli inalikaza goti, mtoto akisinzia misuli inalegea na mfupa mbovu unasuguana. Alikaa wodini na plasta miezi mingi, akatoka anachechemea, lakini alitoka. Nyinyi mna eksirei siku hizi. Hata hivyo ulizeni.

Baadaye nikapelekwa shamba. Walowezi kadhaa wa kati ya Njoro na Elburgon walikuwa wamejenga zahanati ya pamoja kwa wafanyakazi wao, chumba kimoja cha mabanzi kutoka viwanda vya mbao, bati juu, baridi ya Mau ikiingia kwenye kila ufa. Daktari alipita mara moja kwa mwezi, barabara ikikubali. Siku zilizobaki nilikuwa peke yangu. Zahanati ilikuwa kwenye shamba la mzungu tuliyemwita Bwana Tumbaku kwa sababu ya kiko chake. Alipanda ngano na pareto, yale maua meupe ya kutengenezea dawa ya wadudu. Nyapara wake aliitwa arap Soi, Mkipsigis mrefu mwenye alama za kuchomwa chuma cha moto kwenye goti la kushoto. Walimchoma utotoni ili kutoa maumivu, na alinihakikishia kwamba maumivu yalitoka, ingawa kila mvua ilipokaribia alikuja kuniomba dawa ya kuchua.

Huo ulikuwa wakati wa Imajensi, serikali ya Waingereza ikipigana na Mau Mau. Kama hamkuwapo, sijui niwaelezeje. Watu waliacha kusalimiana kwa sauti. Msitu ulikuwa pale, unauona ukifungua mlango, na ndani yake walikuwa watu wenye bunduki ambao kila mtu aliwajua na hakuna aliyewajua. Upande mwingine kulikuwa na homugadi, yaani wenyeji waliopewa silaha na serikali, na lori la kuwachuja watu. Lori likifika, watu walipangwa mstari, na mtu mmoja aliyevikwa gunia kichwani lenye matundu mawili ya macho alipita mbele yao. Akitikisa kichwa mbele yako, umekwenda na lori. Wakati ule gunia lililoogopwa ni la kichwani, hakuna aliyewaza gunia lingine. Wakikuyu wengi kwenye laini, yaani zile nyumba za wafanyakazi, walisemekana wamekula kiapo cha watu wa msitu. Wengine walisemekana wamekikataa. Nani alikuwa nani, sikuuliza. Mimi Mluhya, sina ndugu pale, sina hata mtu wa kunipikia ugali nikiugua. Usiku niliegemeza kitanda mlangoni. Nasema wazi, niliogopa pande zote mbili sawasawa.

Mvua ndefu zilipoanza, ngano ilipandwa, halafu wanawake wakaingizwa kwenye pareto kupalilia. Kazi hiyo hufanywa kwa magoti, katikati ya mistari, umande hadi kiunoni. Wa kwanza kuja zahanati alikuwa Mama Njoki. Alikuwa mwanamke mkimya wa miaka kama thelathini, mwenye watoto watatu, mume wake alichukuliwa na lori mwaka uliotangulia na hakuna habari iliyorudi.

"Dakitari," akasema, maana shambani hata mfunga vidonda ni daktari, "hii magoti yangu inachoma usiku. Mchana hakuna kitu. Nikilala ni kama nimeweka makaa."

"Yote mawili?"

"Yote."

Akapandisha nguo kidogo, kwa aibu. Ngozi juu ya magoti ilikuwa nyekundu kwenye weusi wake, na malengelenge madogo yameanza. Si mfupa, si maji. Ngozi. Nikamwuliza kama alikaa karibu na moto, kama alipita kwenye thafai, yale majani yanayowasha. Akasema hapana. Nikampaka mafuta ya zinki, nikamfunga, nikajiambia ni kitu kidogo.

Siku zilizofuata walikuja wengine, lakini kwa namna ya ajabu. Mmoja alisema ana tumbo. Mwingine, kichwa. Nikiwaambia walale kitandani niwapime, wanakaza nguo magotini kwa mikono miwili. Nikaona bandeji ya kitambaa ikitokeza chini ya nguo ya mmoja. "Na hii ni nini?" Akaruka kutoka kitandani akaenda zake bila dawa. Mimi nikabaki na aspirini mkononi.

Aliyenieleza ni mama mzee aliyeitwa Wambui, aliyefagia zahanati. Alikuwa na ulimi mkali na hakuogopa mtu, au aliogopa vizuri zaidi yetu. Alifunga mlango kwanza.

"Wewe mtu ya Maragoli, unauliza uliza mambo ya magoti kwa sauti. Unataka kuua watu?"

"Kwani kuna nini?"

"Wanasema ni kiapo. Wanasema ile kitu inachoma mwenye aliivunja. Inaanza kwa magoti kwa sababu hapo ndipo mtu alipiga akiapa. Sasa ukionekana na magoti ya moto, umesema mambo mawili mara moja. Umesema ulikula, na umesema ulisaliti. Serikali itakuchukua kwa ile ya kwanza, na wale wengine watakuchukua kwa ile ya pili. Sasa nani atakuonyesha magoti yake? Mimi?"

"Na wewe yako yanachoma?"

"Yangu ni ya uzee tu. Wacha mchezo."

Nikakaa kwenye sanduku la bandeji.  Kulikuwa na ugonjwa kwenye shamba, na wagonjwa walikuwa wanauficha kama watu wanavyoficha mtu aliyetoroka. Na malengelenge hayafichiki siku nyingi. Yakipasuka yanaoza, mtu anachechemea, na mwenye gunia kichwani ana macho ya kuona anayechechemea.

Mama Njoki alirudi Ijumaa. Safari hii magoti yalikuwa vibaya, ngozi imechubuka, na uso wake umekauka kwa kukosa usingizi. Nilipomfungua bandeji hakulia. Alizungumza kama mtu aliyekwisha amua.

"Mzee yangu alikula kwa ajili ya nyumba yote. Hakuniambia, lakini najua. Na mimi nimepikia homugadi chai. Mara mbili. Sasa inanichoma. Siku ya Jumatatu lori inakuja. Nitaenda kusema nimekula, wanitakase. Wanasema ukikiri wanakutakasa, moto inazima."

"Mama Njoki, hujala kitu."

"Magoti imesema nimekula."

"Wakikuuliza nani alikulisha?"

"Nitataja mtu." Alisema hivyo akitazama ukuta.

Wambui alikuwa anafagia pembeni. Mwanamke alipotoka, aliegemeza ufagio. "Huyo akitaja mtu Jumatatu, hafiki Jumanne. Wale wa msitu watamngoja akienda kuteka maji. Na wale watoto watatu?"  Nilijua anasema kweli. Mwezi uliotangulia mwanamume aliyeonekana akizungumza na homugadi alikutwa kwenye mtaro wa barabara ya Elburgon, na ni mimi niliyeitwa kumfunika.

Basi nilikuwa na Ijumaa jioni, Jumamosi na Jumapili, na goti ambalo sikulielewa. Nilikumbuka maswali ya Zakayo mpaka nikayachukia. Ni ngozi. Yote mawili. Linaanza usiku. Mchana wake alikuwa anafanya nini? Alfajiri ya Jumamosi nikaenda shambani kutazama.

Ukungu ulikuwa mzito, nikawasikia wanawake kabla ya kuwaona. Nilijifanya naangalia maji ya kunywa. Kwanza nikashuku pareto yenyewe, maana maua yake huwawasha watu wengine. Lakini pareto huwasha mikono na uso, na mikono ya wanawake hawa ilikuwa safi kabisa. Ni magoti tu. Na magotini kila mmoja alikuwa amejifunga kipande cha gunia kwa kamba ya katani, kujikinga na mawe na baridi. Magunia yalikuwa yamelowa umande, yanachuruzika. Nikatazama mstari mzima. Wanawake wawili wazee mwishoni walikuwa wamefunga ngozi za mbuzi badala ya gunia. Nikawasalimu, nikawauliza hali ya magoti kwa utani. "Yangu iko sawa, dakitari, njoo tukimbie mbio," akasema mmoja, na mwenzake akacheka. Wale wenye magunia hawakucheka.

Nikamfuata arap Soi kwenye stoo. "Nyapara, hawa akina mama wametoa wapi magunia mazuri hivi?"

Akawa mgumu ghafla. "Magunia ni magunia."

"Arap Soi."

Alinivuta nyuma ya stoo.  Yalikuwa magunia ya mbegu ya ngano, akaniambia. Ile mbegu ilikuja imepakwa dawa ya unga, ya rangi ya waridi, ya kuzuia ugonjwa wa ngano. Baada ya kupanda, Bwana Tumbaku aliamuru magunia yote yateketezwe. "Lakini ni magunia mapya! Laini! Na hawa akina mama wanapiga magoti kwa baridi kama ng'ombe wamefungwa. Nikawapatia. Waliyafua kwa mto vizuri. Sasa Bwana akijua sikuchoma, mimi naenda wapi? Siku hizi mtu akikosa neno moja anaitwa mtu ya msitu."

"Na waliopanda mbegu, hawakuungua?"

Akafikiri. Dereva wa trekta, akasema, alitoka malengelenge kwenye mikono wakati wa kupanda, lakini yule ni mtu wa kulalamika. Nikachukua kipande cha gunia kilichobaki, nikageuza mshono. Unga wa waridi ulikuwa bado umekaa ndani ya nyuzi, mtoni umetoka wa juu tu.

Nikadhani nimemaliza. Nilikuwa mjinga. Nilirudi kwenye mistari, nikawaambia wanawake wazi kwamba ni magunia, wayavue. Wakanitazama. Halafu mmoja, mwanamke mwenye hasira aliyekaa karibu na Mama Njoki, akasema, "Gunia tunafunga asubuhi, tunafungua saa ya kwenda nyumbani. Mchana wote haichomi. Sasa inachoma usiku kama iko mbali? Gunia iko na saa?" Wengine wakaguna. Swali lilikuwa la haki. Sikujua wakati ule kwamba kuna dawa zinazoingia kwenye ngozi kimya kimya na kuunguza baada ya saa nyingi. Niliona tu kwamba hawaniamini, na Mama Njoki alikuwa ameinama anang'oa magugu kama hakusikia.

Kwa hiyo nikafanya nililoweza. Nikachukua lile gunia, nikalilowesha kwenye ndoo, nikalifunga kwenye goti langu la kulia mbele yao wote. Nikawaambia, "Mimi sijala kiapo cha mtu. Tuone." Wakacheka hatimaye, kicheko cha watu waliochoka. Nikafanya kazi nalo mchana mzima, nikipiga goti kila nilipopata nafasi, mpaka Wambui akaniuliza kama nimeokoka.

Mchana hakuna kilichotokea. Nikaanza kuona aibu. Alasiri nikalivua, goti ni goti tu, jeusi, safi. Nikala ugali wangu nikiwa nimekata tamaa. Halafu giza lilipoingia likaanza. Kwanza joto, halafu mwasho, halafu moto kabisa, moto wa ndani ya ngozi ambao maji hayauzimi. Na hapa ndipo nitawaambia jambo mnalopaswa kulijua juu ya hofu. Nilijua ni gunia. Nilikuwa nimelifunga mwenyewe, kwa mkono wangu, ili liniunguze. Lakini nililala pale nikaanza kujiuliza nimekula nini tangu nifike shamba hili, chakula cha nani, chai ya nani, nani alinipa maji ya kunywa siku ile nilipomfunika yule wa mtaroni. Nikahesabu watu.  Kama mimi nilifika hapo, Mama Njoki amefika wapi, ambaye usiku mzima ana watoto watatu wa kutazama na hana Zakayo kichwani?

Jumapili asubuhi goti lilikuwa na malengelenge kama njegere. Sijawahi kufurahia ugonjwa namna ile. Ibada ilifanyika nje, karibu na bwawa, na watu walipotawanyika nikakunja suruali mbele ya wanawake, jambo ambalo dresa mwenye heshima hafanyi. Walikuja mmoja mmoja. Yule mwenye hasira akainama akagusa kwa kidole, nikapiga ukelele. "Woi," akasema pole pole. "Ni sawa na yangu." Akainua nguo yake mwenyewe, mbele ya watu, akalinganisha goti na goti. Halafu mwingine akainua yake. Nikasikia watu wakivuta pumzi. Arap Soi alikusanya magunia yote mwenyewe, na hatukuyachoma maana moshi wake nao sikuutaka. Tulichimba shimo refu nyuma ya vyoo tukayafukia. Kumweleza Bwana Tumbaku niliachiwa mimi, na nikamweleza kwamba magunia yake yametoweka, ambalo lilikuwa neno la kweli.

Lakini Mama Njoki hakuwa kwenye ibada. Nikamwuliza Wambui. Wambui akatazama huku na huku. "Amesema hawezi kungoja lori. Anaenda posti ya homugadi leo."

Nilikimbia, kama mtu mwenye goti moja anavyokimbia. Laini ilikuwa tupu, watu wote bado wako bwawani. Mlango wake ulikuwa wazi. Alikuwa amesimama ndani, amevaa leso nzuri, watoto wameoshwa nyuso wamekaa kwenye kitanda, na vyombo vimefungwa kwenye shuka. Nilishindwa hata kubisha hodi. Nikakunja suruali tu, nikamwonyesha.

Akainama akayatazama malengelenge.

"Wewe ulikula?" akauliza.

"Sijala chochote. Ni gunia. Nililifunga jana. Wote wameona, muulize yeyote. Wewe hujavunja kitu, Mama Njoki, umepalilia pareto tu."

Akakaa chini palepale, kwenye sakafu ya udongo, mgongo umeegemea vyombo vilivyofungwa. Hakulia. Mabega yake tu yalishuka, na baada ya kitambo akawaambia watoto watoke nje wacheze. Nilipiga goti langu zima, nikatoa bandeji mfukoni, nikaanza kumwosha. Nilikuwa nafurahi sana, nataka kuzungumza, na nikauliza kwa ujinga wa furaha, nikitegemea atacheka.

"Na ungemtaja nani? Ulisema utataja mtu. Hujui hata mtu mmoja aliyelisha watu kiapo."

"Wewe," akasema.

Bandeji ikaniponyoka.

"Hapa kila mtu ana watu wake," akaeleza, bila uchungu wowote, kama mtu anayeeleza njia ya dukani. "Nikitaja mtu wa hapa, watu wake watakuja kwa watoto wangu. Wewe hauna mtu. Hakuna mwenye angekuja kuuliza. Na wangeniamini, wewe ndiye unapatia watu vitu vya kunywa kwa kikombe, kama wale wa kiapo. Nilikuwa nimeanza kukuombea."

Nje watoto walikuwa wanacheka na kitu fulani. Bandeji ilikuwa imebingirika mpaka mlangoni, nikatambaa nikaifuata, nikaikunja upya kwa sababu vidole vilihitaji kazi. Niliporudi alikuwa ameshanyoosha mguu wa pili, ananingoja. Nikaufunga.